Mtu anayening'inia kwenye karata ya 12 ya taroti: anaadhibiwa au ametulia?

#1 KalamuYaMkaa
Wakuu, salaam.

Nanakili kwa penseli zile karata za taroti (karata za picha za kuchezea na za ramli) za mwaka 1909, alizobuni Arthur Edward Waite na kuchora Pamela Colman Smith. Nataka nijifunze mistari yake. Zote zinapita, ila nikifika ya 12 nakwama. Kijana kafungwa mguu mmoja, kichwa kiko chini, mguu wa pili kaukunja nyuma ya ule uliofungwa, mikono iko mgongoni. Kichwani ana duara la nuru kama watakatifu. Na uso wake umetulia kabisa. Hakuna hata mkunjo mmoja.

Hoja yangu ni hii: huyu haadhibiwi, kajipandisha mwenyewe. Hakuna askari, hakuna hakimu, hakuna umati wa kushangaa. Hata mti wenyewe una majani mabichi. Mtu anayetaka kuchora adhabu hachori hivyo.

Anayepinga aje na sababu.

#2 Mti Mkavu
Napinga, na sababu ninazo.

Kabla ya Waite karata hii ilikuwa na zaidi ya miaka 400. Ilizaliwa kaskazini mwa Italia karne ya 15, na kwa mtu wa huko wakati ule, mwanamume aliyening'inizwa kwa mguu mmoja alikuwa na maana moja: msaliti. Miji ilikuwa na desturi ya kuchora wasaliti ukutani mahali pa wazi ili waaibike wao na koo zao, hata kama wenyewe wamekimbia. Pale Florence, Andrea del Castagno aliwachora waasi wa namna hiyo mwaka 1440, mpaka akabandikwa jina la utani linalomaanisha Andrea wa Walionyongwa. Andrea del Sarto naye alipewa kazi kama hiyo karibu miaka 90 baadaye, na michoro yake ya maandalizi ipo hadi leo: wanaume wananing'inia mguu mmoja, kichwa chini, kama karata ilivyo.

Kwenye orodha kadhaa za zamani za Kiitalia karata hii inaitwa moja kwa moja Msaliti. Kwa hiyo mtoa mada, adhabu ipo. Umeanza kutazama filamu ikiwa katikati.

#3 Sauti ya Pwaa
Nimekaa hapa mbele kabisa. Endeleeni.

#4 Binti Kitabu
Naongezea kwa #2. Kuna karata za dhahabu za karne ya 15 ziko maktaba ya taifa ya Ufaransa, watu huziita za Charles VI ingawa ni za Kiitalia na za baadaye kuliko mfalme huyo. Mle mtu wa 12 ananing'inia huku ameshika mifuko miwili ya pesa. Msaliti mwenye mifuko ya pesa, kwa Mkristo yeyote wa zama zile, ni nani kama si Yuda Iskariote?

#5 KalamuYaMkaa
Binti Kitabu, shukrani, hiyo ya mifuko sikuwahi kuiona. Lakini mnajibu swali la nani aliyekuwa akichorwa mwaka 1450. Mimi nauliza kuhusu picha ya 1909. Pamela hakuweka mifuko. Aliweka nuru. Na Waite katika maelezo yake aliandika kwamba uso ule unaonyesha mtu aliyezama katika hali ya ndani, si mateso, na kwamba mti ule ni mti hai. Mwenye karata kasema mwenyewe.

#6 Mti Mkavu
Mwenye karata kasema anavyotaka zisomwe. Hilo halifuti picha ilikotoka. Ukichukua sanamu ya mhalifu ukaivisha nuru, nguvu ya picha inatoka palepale kwenye kugongana kwa hayo mawili. Ondoa aibu ya zamani, nuru inabaki pambo tu.

#7 Duara na Pembetatu
Wote mnapita mlango wa mbele, ingieni kwa nyuma. Waite na Pamela walikuwa wanachama wa chama cha siri cha Golden Dawn jijini London. Chama hicho kiliipa kila turufu, yaani kila karata kuu ya picha, herufi ya Kiebrania, na ya 12 ikapewa herufi Mem, yaani maji. Sasa tazameni umbo. Miguu inafanya msalaba. Mikono mgongoni pamoja na kichwa inafanya pembetatu iliyoelekea chini, na pembetatu ya namna hiyo ni alama ya maji. Mtu huyu ni mchoro wa jiometri kwanza, binadamu baadaye. Ndiyo maana hana maumivu, kwa sababu umbo haliumwi.

#8 Sauti ya Pwaa
"Umbo haliumwi." Duara, hiyo naiba.

#9 Ngome Tano
Jamani mbona hamjamtaja Odin? Mungu wa watu wa Kaskazini alijitundika mtini siku tisa usiku na mchana ili apate maarifa ya herufi za runi. Alijitundika kwa hiari, akapata hekima, na mti ulikuwa hai. Yote matatu yamo kwenye karata. Hapa mtoa mada ameshinda.

#10 Binti Kitabu
Ngome Tano, mambo mawili. Shairi linalosimulia habari ya Odin halisemi popote kwamba alikuwa kichwa chini, linasema alitundikwa na kuchomwa mkuki. Pili, wachoraji wa Milano na Ferrara wa karne ya 15 walikuwa na Yuda kanisani na wasaliti ukutani. Hawakuhitaji kumfuata Odin. Kama unataka mtu wa kichwa chini mwenye nuru, Mtume Petro yuko karibu zaidi: kwa mapokeo ya Kanisa alisulubiwa kichwa chini, na kwa ombi lake mwenyewe.

#11 Ngome Tano
Petro alisulubiwa, hakufungwa mguu mmoja. Na Waite alikuwa mtu wa 1909, Odin alikuwa anasomwa sana Uingereza wakati huo. Sijashuka.

#12 Mlinzi wa Lango
Hizi ni karata za ramli. Mnazipamba kwa maneno ya sanaa, lakini kazi yake inajulikana. Kuweni waangalifu.

#13 Mzee wa Turufu
Mlinzi wa Lango, tahadhari yako nimeipokea, lakini historia iwekwe sawa. Kwa miaka zaidi ya 300 hizi zilikuwa karata za kuchezea tu. Kumbukumbu za kwanza ni za miaka ya 1440, na zinazungumzia mchezo. Pakiti ina karata 78: 56 za kawaida zenye vikombe, panga, sarafu na fimbo, kisha 21 za turufu zinazokula nyingine, na Mpumbavu wa peke yake. Ufaransa mchezo huo unachezwa mpaka leo na wala hakuna anayetabiriwa. Ramli ilishika kasi mwishoni mwa karne ya 18.

Kwa hiyo hata hoja ya #7 ina shimo. Herufi za Kiebrania zilipachikwa na Wafaransa na Waingereza wa karne ya 18 na 19. Mchoraji wa kwanza wa mtu wa 12 alikuwa anachora turufu namba fulani, basi.

#14 Duara na Pembetatu
Mzee, shimo halipo, maana mimi nazungumzia picha ya 1909 na watu wa 1909 walizijua hizo herufi. Tafadhali tusichanganye karne.

#15 Jua la Mchana
Mbona hamsemi asili yake ni Misri ya mafarao? Karata 22 ni kurasa za kitabu cha makuhani kilichofichwa wasije maadui wakakiteketeza. Nimesoma mara nyingi.

#16 Binti Kitabu
Umesoma mara nyingi kwa sababu kila mtu alinakili kwa mmoja. Mfaransa Antoine Court de Gébelin aliandika hivyo mwaka 1781. Maandishi ya Misri ya kale hayakusomeka hadi msomi Champollion alipoyafungua mwaka 1822, kwa hiyo mwaka 1781 hakukuwa na mtu wa kuthibitisha wala kukanusha.

Na sikilizeni hii, inarudi kwenye mada: Gébelin huyohuyo alisema mtu wa 12 hakuning'inizwa kabisa! Eti mtengeneza karata kaigeuza. Ukiisimamisha utamwona mtu amesimama kwa mguu mmoja, anafikiri wapi aweke wa pili. Akaiita Busara, kwa kuwa kwenye turufu tayari kuna Nguvu, Haki na Kiasi, na fadhila ya nne inakosekana.

#17 KalamuYaMkaa
Hebu ngojeni nigeuze karatasi.

Kweli nimegeuza. Kwenye mchoro wa Pamela ukiigeuza anakuwa kama mchezaji wa dansi, mguu mmoja umekunjwa, mikono nyuma. Inakaa vizuri ajabu. Gébelin simwamini, lakini jicho lake lilikuwa zuri.

#18 Mzee wa Turufu
Na fadhila ya nne haijapatikana mpaka leo. Wengine wanasema ni Mtawa mwenye taa, wengine Ulimwengu. Hilo nalo ni uzi wake.

#19 Mti Mkavu
Kwa Jua la Mchana, Misri usiitupe yote. Si ya mafarao, ila ya Wamamluk, watawala Waislamu wa Misri wa zama za kati. Karata zao za mkono ziko kwenye jumba la Topkapı, Istanbul, na zina vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Ulaya haikuujua mchezo wa polo, ile fimbo ikageuka kuwa rungu au gongo la kawaida. Makundi manne ya taroti yanatokana na hizo. Turufu zenye picha ndizo nyongeza ya Waitalia.

#20 Jua la Mchana
Basi Misri imo. Nashukuru.

#21 Wino Mwekundu
Nimewasoma wote, na kuna jambo linaniuma. Waite ametajwa kila bandiko, Pamela anatajwa kama fundi wa kuajiriwa. Turufu 22, ukimhesabu na Mpumbavu, Waite alizisimamia kwa karibu. Zile 56 ndogo zilikuwa zake Pamela kwa sehemu kubwa. Katika pakiti za kawaida kabla ya hapo, Tatu ya Panga ni panga tatu zimepangwa, Tano ya Vikombe ni vikombe vitano. Yeye akaweka watu, majumba, mvua, madaraja. Kwa nini leo mtu asiyejua lolote anaweza kushika karata akasema "huyu ana huzuni"? Kwa sababu yake.

Novemba 1909 alimwandikia Alfred Stieglitz, mpigapicha wa New York aliyekuwa ameonyesha kazi zake mwaka 1907, akamwambia amemaliza kazi kubwa kwa pesa kidogo sana. Michoro yenyewe ya asili imepotea. Alifariki mwaka 1951 akiwa hana kitu, na hakuona hata robo ya umaarufu wa kazi yake. Kila karata ina sahihi yake pembeni, herufi tatu zimejisokota kama nyoka. Itafuteni kila mnaposhika moja.

#22 Mzee wa Turufu
Nakubali kwa asilimia kubwa, ila wazo la watu kwenye karata ndogo halikuanza naye. Kuna pakiti ya Sola Busca, ya Kiitalia, karibu mwaka 1491, zote 78 zina picha, nyingi za watu au viumbe. Picha zake za kamera ziliwekwa British Museum mwaka 1907, miaka miwili kabla. Tatu ya Panga ya Sola Busca ni moyo uliochomwa panga tatu. Ya Pamela ni moyo uliochomwa panga tatu. Na yule mzigo-mgongoni wa Kumi ya Fimbo yumo Sola Busca kwenye Kumi ya Panga.

#23 Ngome Tano
Kwa hiyo kanakili.

#24 Wino Mwekundu
Alitazama akachukua, kama wachoraji wote. Moyo wa Sola Busca ni alama. Pamela akauweka mbele ya mawingu ya kijivu na mvua ya mistari ya mshazari, hakuna mtu, hakuna ardhi. Hali ya hewa ndiyo inayolia. Hiyo mvua ni yake.

Mimi nachora mabango kwa riziki. Jaribuni kumwambia mtu "amevunjika moyo" kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, bila maneno, aelewe ndani ya sekunde moja. Halafu mnieleze habari za kunakili.

#25 Sauti ya Pwaa
Ngome Tano leo umepata mwalimu.

#26 Nyuma ya Pazia
Ninafanya kazi ya mandhari za jukwaani, kwa hiyo nitasema ninachokiona. Pamela alifanya kazi na kundi la Lyceum Theatre la waigizaji Henry Irving na Ellen Terry, akasafiri nalo. Tazama Mbili ya Sarafu: kijana anacheza na sarafu mbili, nyuma yake kuna bahari na meli zinazopanda na kushuka, lakini yeye hayuko ufukweni. Amesimama kwenye sakafu tambarare, kisha mstari mlalo, kisha bahari kama pazia lililochorwa. Karata kadhaa ziko hivyo. Mimi husoma kwamba mtu huyu anaigiza, au anaficha jambo.

Narudi kwa mtu wa 12: nyuma yake hakuna kitu kabisa. Anga tupu. Kwa mtu wa jukwaa hiyo ni taa moja juu ya mwigizaji mmoja, na huwa tunaifanya pale anapozungumza na nafsi yake. Kwa hiyo niko upande wa #1.

#27 Duara na Pembetatu
Mistari ya jukwaa ninaikubali kama macho yanavyoiona, ila kwamba inamaanisha uigizaji ni tafsiri ya wasomaji wa baadaye.

#28 Nyuma ya Pazia
Na pembetatu yako je?

#29 Sauti ya Pwaa
😂😂

#30 Jua la Mchana
Huyo Pamela si alikuwa Mjamaika?

#31 Wino Mwekundu
Alizaliwa London mwaka 1878, wazazi Wamarekani. Sehemu ya utoto wake aliishi Jamaika, akasomea sanaa Brooklyn. Mwaka 1899 alichapisha hadithi za Anansi alizozisikia Jamaika, na alikuwa akizisimulia mbele za watu. Yule Anansi, buibui mjanja wa ngano za Waakan wa Afrika Magharibi. Msimuliaji wa hadithi aliyepewa karata 56 zisizo na hadithi, matokeo yake mnayaona.

#32 Mwana wa Jioni
Mimi si mtaalamu. Nilifiwa na kaka yangu, rafiki akaniletea pakiti hii nipotezee muda, kila siku natazama moja. Nilidhani karata ya Kifo ndiyo ingenitisha. Iliyonishika ni Tano ya Vikombe. Mtu wa joho jeusi kainamia vikombe vitatu vilivyomwagika, nyuma yake viwili vimesimama, na mbele kuna daraja la kuvukia mto. Watu wote wananiambia "geuka, uone viwili vilivyobaki." Mimi nilishukuru kwamba mchoraji hakumgeuza. Amemwacha atazame anachotaka kutazama.

#33 Wino Mwekundu
Pole sana Mwana wa Jioni. Nitaitazama upya karata hiyo kwa maneno yako.

#34 KalamuYaMkaa
Pole ndugu yangu. Asante kwa kutushirikisha.

#35 Mti Mkavu
Pole sana.

Kabla uzi haujahama, nina kipande kimoja kuhusu ya 12. Pakiti ya zamani iliyosalia karibu kamili ni ya Visconti-Sforza, ya katikati ya karne ya 15, imetengenezwa kwa ajili ya nyumba ya Francesco Sforza, mtawala wa Milano. Zimebaki karata 74, zimegawanyika kati ya New York na Bergamo. Baba yake Francesco, Muzio Attendolo, aliwahi kuchorwa hadharani akining'inia kwa mguu kama msaliti, kwa amri ya Yohane XXIII, yule anayehesabiwa leo kuwa antipapa, yaani papa asiye halali. Kwa hiyo mtoto wa aliyechafuliwa hivyo anatengenezewa karata za dhahabu, na mle ndani yumo kijana ananing'inia mguu mmoja, tena uso wake hauna taharuki. Je, familia iliitazama ikaona aibu, au iliona baba aliyeonewa? Sijui mtu anayeweza kuifunga hiyo hoja.

#36 Binti Kitabu
Mti Mkavu, umejipiga bao. Utulivu ulikuwepo kabla ya Waite!

#37 Mti Mkavu
Uso hauna taharuki kwa sababu nyuso zote za pakiti ile hazina taharuki. Ndivyo wachoraji wa kasri walivyochora. Hata Kifo mle anaonekana mtulivu.

#38 Ngome Tano
Tukiwa kwenye hizo za Milano, nimeona karata yake ya Nguvu ni mwanamume anampiga simba kwa rungu. Ya Waite ni mwanamke, anashika kinywa cha simba kwa upole. Nani alimbadilisha?

#39 Mzee wa Turufu
Hajabadilishwa na mmoja. Mwanamke na simba yupo kwenye taroti za Kifaransa za mtindo wa Marseille, karne kadhaa kabla ya Waite. Yule wa rungu wengi humwona Hercules, shujaa wa ngano za Wagiriki. Waite alibadilisha namba: Marseille Haki ni 8 na Nguvu ni 11, yeye akazipishanisha, na kwenye kitabu akasema ana sababu zinazomtosha mwenyewe, akanyamaza. Golden Dawn walitaka Simba atangulie Mizani kama ilivyo kwenye nyota.

#40 Mwana wa Jioni
Swali kwa wajuzi. Kwenye Kifo, nyuma kabisa kuna jua katikati ya minara miwili. Linachomoza au linazama?

#41 Duara na Pembetatu
Linachomoza. Waite aliliita jua la kutokufa.

#42 Nyuma ya Pazia
Picha haisemi. Farasi mweupe anaelekea upande uleule wa jua, ndicho ninachokiona. Mfalme kaanguka, askofu anaomba, mtoto peke yake anamtazama mpandaji bila woga.

#43 Binti Kitabu
Minara ileile imo kwenye karata ya Mwezi, ya 18, na njia inapita katikati yake, ikianzia majini kwa yule mnyama kamba. Kama ni minara ileile, basi kwenye Mwezi ni usiku na tuko upande wa huku.

#44 Wino Mwekundu
Ongezeni ya 14, Kiasi, inayofuata Kifo moja kwa moja. Nyuma ya malaika kuna njia inapanda hadi milimani, na juu yake nuru yenye umbo la taji. Nimeziweka tatu mezani, 13, 14 na 18, nikifuatisha mstari wa upeo. Naona ni nchi moja inayotazamwa kutoka sehemu tatu. Anayezo azipange hivyo aseme kama naye anaiona.

#45 Mti Mkavu
Nimezipanga. Milima ya 14 na ya 18 nakubali. Minara ya 13 ni midogo mno, sitaapa.

#46 KalamuYaMkaa
Naanza kunakili ya 18 usiku huu, nitaweka picha hapa zikiwa bega kwa bega. Duara, wewe lete hesabu ya pembe.